Namna ya Kuchagua Vitamini za Nyongeza Zisizo na Gluteni

Mgonjwa wa siliaki, yaani ugonjwa wa utumbo unaochochewa na gluteni, anaweza kuacha chapati, maandazi na mkate kwa uaminifu kabisa, kisha gluteni ikamrudia kupitia kidonge anachokimeza kila asubuhi ili apate nafuu. Gluteni ni protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai (nafaka ya jamii ya ngano), nayo huifanya kinga ya mwili wa mgonjwa huyo ishambulie utando wa utumbo mwembamba. Sehemu ya mwanzo ya utumbo huo, ambako madini ya chuma hufyonzwa kwa wingi, ndiyo huumia zaidi. Ndiyo maana wengi hugundulika kwanza kwa upungufu wa damu. Foleti, vitamini B12, vitamini D na zinki nazo huweza kupungua. Kwa hiyo anza na vipimo, kisha ununue kile tu kilichopungua, kwa kuwa kuzidisha chuma au vitamini A kuna madhara yake.

Ukishika chupa, fahamu kwamba mara nyingi si vitamini yenyewe yenye shida, bali vitu vinavyochanganywa nayo ili kidonge kishikane. Wanga wa mahindi, muhogo au viazi hauna neno. Wanga ambao chanzo chake hakikutajwa unahitaji kuulizwa. Epuka kimea cha shayiri, na pia hamira ya bia, ambayo huuzwa kama chanzo cha vitamini B ingawa hutoka katika mapipa ya shayiri. Jihadhari vilevile na unga wa majani machanga ya ngano au shayiri, na vitamini E iliyotokana na mafuta ya kiini cha ngano. Maltodekstrini, kiambato kinachotokana na wanga, huwatisha watu bure kwa sababu jina lake hufanana na “malt”, yaani kimea. Kwa kawaida hutengenezwa kwa mahindi.

Hapa ndipo wengi hukosea: maneno “wheat free” (bila ngano) hayana maana sawa na “gluten-free” (bila gluteni). Sheria ya Marekani humlazimu mtengenezaji kutaja ngano miongoni mwa vizio, yaani vitu vinavyosababisha mzio, lakini haimlazimu kutaja shayiri wala rai kwa namna hiyo, hivyo chupa inaweza kusema kweli kuhusu ngano na bado ikamdhuru mgonjwa. Anayeandika “gluten-free” nchini humo, kwa kanuni ya mwaka 2013 inayohusu pia virutubisho vya nyongeza, hubanwa na kiwango cha chini ya miligramu 20 za gluteni kwa kilo. Kidonge cha gramu moja kikikaribia kiwango hicho hubeba takriban miligramu 0.02, kiasi kidogo sana. Umoja wa Ulaya nao una kikomo cha miligramu 20. Nembo ya suke lililokatwa kwa mstari, au cheti cha GFCO, shirika linalothibitisha bidhaa zisizo na gluteni na linalotaka ziwe na miligramu 10 au pungufu, huongeza uhakika.

Katika maduka mengi ya dawa kwetu vidonge huhesabiwa kutoka kopo kubwa na kutiwa katika bahasha ndogo, na orodha ya viambato hubaki dukani. Mwombe mfamasia akuonyeshe kopo lenyewe kabla hujalipa, au uchukue chupa ambayo haijafunguliwa. Kila unaponunua nyingine, hata ikiwa ya jina lilelile, isome upya, kwa sababu watengenezaji hubadilisha viambato bila kubadilisha sura ya chupa.