Farasi akivamia stoo ya nafaka, piga simu kabla hajaanza kuumwa

Farasi akifungua stoo usiku akala mahindi au peleti hadi akatosheka, asubuhi unamkuta amesimama vizuri tu, masikio mbele, anakuangalia kama siku zote, na hapo ndio masaisi wengi na wenye farasi wengi wanapopotea, manake wanasema huyu yuko sawa, hebu tumuangalie hadi jioni. Jioni bado yuko sawa. Kesho yake mchana hataki kugeuka, kesho kutwa kutoka bandani hawezi, na daktari akifika anakuta kwato zinawaka moto na mfupa wa ndani umeshaanza kuachia. Kwa hivyo wenzangu wa Ngong, Nanyuki, Arusha na kokote mnakofuga hawa wanyama, naomba hili likae kichwani kuliko yote yanayofuata: zile saa anazoonekana mzima ndizo saa za kumtibu.

Sababu iko tumboni. Tumbo la farasi ni dogo mno kwa mwili wake, lita 8 hadi 15 hivi, wakati ng'ombe tumbo lake kubwa linabeba zaidi ya lita 100, alafu farasi hawezi kutapika, kilichoingia kimeingia. Wanga wa nafaka unatakiwa uishie kwenye utumbo mwembamba, lakini ukiwa mwingi unapita bila kusagwa unaenda kumwagika kwenye utumbo mpana, na kule kuna bakteria waliozoea nyasi. Wakipata wanga wanachachua haraka sana, asidi inajaa, bakteria wa kawaida wanakufa na wakifa wanaachia sumu, na ukuta wa utumbo ukishachubuliwa na ile asidi sumu inaingia kwenye damu. Nyama laini zinazoshika mfupa kwenye ukuta wa kwato ndizo zinaumia, na huo ndio ugonjwa unaoitwa laminaitisi. Kuanzia kula hadi kuchechemea mara nyingi ni siku 1 hadi 3, sasa ukingoja achechemee ujue kazi ya kuharibu imeshafanyika zamani.

Swali la kwanza daktari atakuuliza ni amekula nini na kiasi gani, kwa hivyo kabla ya kufagia stoo angalia. Gunia lilikuwa limejaa au nusu? Pima kilichobaki, utoe. Gorogoro moja ya mahindi ni kama kilo 2, debe ni kama kilo 18. Farasi wa kilo 500 hatakiwi kupewa zaidi ya kilo 2 au 2 na nusu za nafaka kwa mlo mmoja hata akiwa amezoea, sasa akiwa amekula robo debe kwa mkupuo hiyo ni dharura, na kama ni farasi wa nyasi tupu ambaye nafaka hajazoea au ni mnene mwenye shingo ngumu ya mafuta basi hata kiasi kidogo kuliko hapo mpigie daktari. Mahindi ni mabaya kuliko shayiri kwa ujazo uleule sababu ni mazito na yamejaa wanga, na punje nzima zinapita utumbo mwembamba hazijasagika vizuri zinaenda kuchachukia kule nyuma. Kama hujui uzito wa farasi wako chukua futi ya fundi cherehani, zungusha kifua nyuma ya miguu ya mbele, zidisha hiyo namba kwa yenyewe, alafu zidisha kwa urefu toka ncha ya bega hadi ncha ya tako, gawa kwa 11,900. Kifua sentimita 180 na urefu 160 inakupa kilo 435 hivi. Daktari atahitaji hiyo namba kwa dozi.

Wakati unangoja daktari mtoe kwenye chakula chote, hata ile nyasi kavu iondoe hadi daktari aseme kwenye simu. Maji muachie, isipokuwa kama ameshaanza kujisokota au kamasi zenye chakula zinatoka puani, hapo uliza kwanza. Mpime mapigo ya moyo chini ya taya au nyuma ya kiwiko cha kushoto, farasi mkubwa aliyetulia anapiga 28 hadi 44 kwa dakika, ukipata 60 na kuendelea hali ni mbaya. Joto la kawaida halizidi 38 na nusu. Fungua mdomo uangalie fizi, ziwe na rangi ya waridi, ukibonyeza kwa kidole rangi irudi ndani ya sekunde 2, na ukiona mstari wa zambarau au wekundu mzito kando ya meno, ujue sumu imeshaingia damuni, mwambie daktari akiwa njiani. Andika kila kitu na saa yake kwenye karatasi, usitegemee kukumbuka.

Sasa yale ya kutofanya, na hapa naomba tuelewane kabisa. Usimnyweshe mafuta kwa chupa. Najua ni desturi ya miaka, unainua kichwa unamimina, lakini mafuta yakikosea njia yakaingia mapafuni unampa nimonia inayoua kuliko hata hayo mahindi. Daktari hutumia mafuta ya madini ya dawa, yaani parafini ya hospitali, lita kama 4 kwa farasi mkubwa, tena kwa mpira unaopitia puani hadi tumboni, na kuna watu wakisikia parafini wanakimbilia mafuta ya taa, hayo ni sumu. Usimpe pumba za maji moto ukidhani zinasafisha tumbo, pumba nazo ni wanga. Usimchape mbio ili ayeyushe chakula, kwato zilizoanza kuumia ukizikimbiza unazimaliza. Na usimdunge byuti, ile dawa ya maumivu, kabla ya daktari kumuona, maumivu yatajificha, alafu daktari akitaka kutumia fluniksini, dawa nyingine ya maumivu, ambayo ndiyo inasaidia zaidi dhidi ya hiyo sumu ya tumboni utakuwa umemfunga mikono, sababu hizo dawa mbili zikikutana zinaumiza figo na tumbo.

Daktari akiwahi ndani ya saa chache anaweza kuingiza ule mpira akaosha tumbo nafaka zitoke, akaweka mkaa wa dawa au mafuta, akampa fluniksini na dripu. Akija saa 20 baadaye nafaka zimeshashuka na hakuna cha kuosha. Ndio maana simu ya saa kumi na moja alfajiri ina faida kuliko ya saa nne asubuhi, na daktari mzuri hawezi kukukasirikia kwa kumuamsha.

Barafu sasa. Kitu hiki kwetu bado hakijazoeleka vile inavyotakiwa na mimi naona ndicho kinachookoa kwato nyingi kuliko sindano yoyote. Chris Pollitt na Andrew van Eps wa Chuo Kikuu cha Queensland kule Australia walionyesha mwaka 2004 kwamba farasi aliyepewa sukari inayochachuka tumboni, mguu mmoja wa mbele ukikaa kwenye maji ya barafu saa 48 mfululizo, huo mguu unaumia kidogo sana kuliko miguu mingine ya farasi yuleyule. Lakini lazima uanze kabla hajachechemea. Usingoje daktari, anza tu. Barafu utapata kwa wauza samaki, kwa mabucha, hata kwenye hoteli, nunua magunia sio vifuko. Chukua mfuko mzito wa nailoni mrefu, ingiza kwato, vuta juu hadi chini kidogo ya goti, jaza barafu na maji pamoja kisha funga juu bila kukaza sana. Maji lazima yawemo, barafu peke yake bila maji inaacha nafasi, na kile kifurushi cha baridi cha kufunga kwenye kifundo tu hakifiki kwenye kwato. Miguu ya mbele ndio ya kwanza, ukiweza yote minne. Mfuko utatoboka, uwe na mingine. Kila saa 1 au 2 ongeza barafu usiku na mchana, saa 48 hadi 72, kwa hivyo pangeni zamu, mtu mmoja hawezi. Ndiyo ni gharama na ni usingizi, lakini mfupa wa ndani ya kwato ukishazama hutapata bei ya kumrudisha.

Kila mnapobadilisha barafu mguse nyuma ya kifundo. Hii jifunze leo kwa farasi mzima ili siku ya shida mkono ujue. Chuchumaa pembeni, weka vidole viwili, sio gumba, upande wa nje nyuma ya kifundo pale kwenye mfupa wa mviringo, telezesha polepole mbele na nyuma hadi uhisi kitu kinateleza chini ya ngozi kama tambi iliyoiva. Tulia hapo, bonyeza kidogo. Farasi mzima mapigo yake hapo ni hafifu, mara nyingi unayatafuta hadi unakata tamaa, ila kwato ikianza kuvimba ndani mapigo yanagonga kidole bila kutafutwa. Ukiyapata hayo, au ukimuona anabadilisha mguu mmoja mmoja kila mara, au amesukuma miguu ya mbele mbele na kuegemea visigino, huyo ameshaanza. Hapo asitembezwe hata hatua. Mwagie maranda ya mbao au mchanga laini unene wa kiganja na zaidi ili nyayo yote ibebwe, na daktari na fundi kwato waitwe pamoja waamue kuhusu viatu.

Nikumbushe jambo lingine linaloua haraka kuliko wanga wenyewe. Kama stoo aliyovamia ni ya kuku au ya ng'ombe, beba lebo ya gunia umsomee daktari. Vyakula vingi vya kuku wa nyama na baadhi ya vya ng'ombe vina monensini au salinomaisini, dawa ya kuzuia koksidia, vimelea vya utumbo, na kwa farasi monensini ni sumu ya moyo, miligramu 2 au 3 tu kwa kilo ya mwili zinatosha kuua. Huyo anaweza kutoka jasho, akalegea miguu ya nyuma, akaanguka bila hata kuumwa tumbo. Hafai kutembezwa wala kusafirishwa bila daktari. Na mahindi yenye ukungu hata kidogo usimpe, kuna sumukuvu inayoharibu ubongo wa farasi na dawa yake haipo.

Wenye punda nao, wale wa mikokoteni inayobeba mahindi toka shambani kwenda posho mili, msidhani hii habari ni ya matajiri wa farasi. Punda anapata laminaitisi vilevile na mbaya zaidi anaficha maumivu, utamuona tu amezubaa na hataki kula. Mapigo yake ya moyo ni ya juu kidogo kuliko ya farasi, 36 hadi 52, na yeye kukaa na njaa muda mrefu ni hatari, mafuta yanajaa kwenye damu na ini linaharibika, kwa hivyo usimfungie chakula siku nzima kwa akili yako, muulize daktari lini umrudishie majani makavu.

Stoo ifungwe kwa kufuli au karabina, ile ndoano ya chuma inayojifunga, sio komeo la kusukuma, farasi anafungua komeo kwa midomo akiwa na usiku mzima wa kujaribu. Nafaka ikae kwenye pipa la chuma lenye mfuniko wa kufungwa, na chumba cha chakula kisiwe kwenye korido moja na mabanda. Anayefunga awe mtu mmoja anayejulikana kwa jina kila usiku.

Akipita siku 3 bila kuchechemea na daktari akaridhika, barafu itoke lakini mapumziko ya bandani yaendelee, nyasi kavu tu kama Boma Rhodes, kilo moja na nusu hadi 2 kwa kila kilo 100 za mwili kwa siku, na maji safi muda wote. Siku daktari atakaporuhusu nafaka tena anza na robo kilo, ongeza robo kila baada ya siku 2 au 3, na ukihisi mapigo nyuma ya kifundo yameanza kugonga rudi kwenye nyasi tupu siku hiyohiyo na umpigie.