Boksi halijui oveni yako: kuoka mkate wa boga na mafini

Mkate wangu wa kwanza wa boga ulitoka mweusi kwa nje na uji kwa ndani. Boksi, lile la unga uliokwisha changanywa na sukari na viungo, lilisema nyuzi 350. Swichi ya oveni yangu ilikomea 250, basi nikaizungusha hadi mwisho, nikijiambia kwamba hizo mia zilizopungua nitazifidia kwa kuuacha mkate muda mrefu zaidi. Haikupita nusu saa moshi ukajaa jikoni. Mke wangu akafungua dirisha, akaliokota boksi kwenye pipa la taka, akalisoma taratibu, kisha akaniuliza kwa upole ulioniuma kuliko matusi: "Baba Neema, hii F hapa ni ya nini?"

Ni ya Farenhaiti. Nyuzi 350 za Farenhaiti ni kama 177 za Selsiasi, kwa hiyo oveni yenye namba za Selsiasi iwekwe 175 au 180. Kama ina feni ya kuzungusha hewa, shusha hadi 160. Tangu siku ile nimeoka maboksi mengi, na nimekuja kuelewa kwamba aliyelitengeneza boksi amekwisha pima unga, sukari na viungo vizuri kuliko nitakavyopima mimi, ila jikoni kwangu hajawahi kuingia. Hajui oveni yangu inadanganya kiasi gani, mayai yangu ni makubwa au madogo, bati langu ni jeusi au linang'aa. Hayo amekuachia wewe, na mkate huharibikia hapo.

Maboksi ya mkate wa boga ni ya msimu. Hujaa madukani Marekani na Kanada kuanzia kama Septemba, maboga yanapovunwa, na baada ya sikukuu za mwisho wa mwaka huwa shida kuyapata. Wapenzi wake, nikiwemo, huyanunua mengi na kuyaficha kabatini, ndiyo maana jambo la kwanza ni kuangalia tarehe. Unga wenyewe hauozi haraka, bali kile kinachoumua mkate hupungua nguvu kadiri muda unavyokwenda. Boksi likipitwa na tarehe kwa mwezi mmoja au miwili, naongeza kijiko kimoja cha chai cha bekingi pauda mpya. Likinuka mafuta ya kale, au ukiona mdudu hata mmoja, tupa.

Ukishalifungua, soma orodha ya vilivyomo. Vinaandikwa kwa kufuata uzito, kizito kwanza. Aghalabu utakuta sukari na unga wa ngano juu, na boga, ambalo ndilo limepamba picha ya mbele, liko mbali huko chini, tena la unga uliokaushwa. Harufu unayoijua kuwa ya "boga" kwa kweli ni ya mdalasini, tangawizi, kungumanga na karafuu. Silaumu. Boga lenyewe lina ladha ya kimya. Lakini ndiyo sababu naongeza la kwangu, na nitafika hapo.

Jina nalo lisikuchanganye. Huitwa mkate, lakini hauna hamira, haukandwi wala hausubiri kuumuka kwenye bakuli. Ni keki iliyookwa kwenye bati la mkate. Kwa hiyo swali lolote utakalokuwa nalo juu yake ni la keki, na majibu ni ya keki.

Boksi la kawaida litakutaka ulete mayai 2, nusu kikombe cha mafuta na kikombe kimoja cha maji. Lako likisema vingine, fuata lako. Kikombe cha Marekani ni kama mililita 240. Kikombe cha chai kilichoko kabatini kinaweza kuwa 180 au 300, kwa hiyo tafuta chombo chenye mistari. Mayai ndiyo hasa yaliyonisumbua. Yai wanaloliwaza wao, likishavunjwa, lina uzito wa kama gramu 50. Mayai niliyozoea kununua ni madogo, mawili hayafiki 80. Sasa huwa navunja matatu, nayapiga kidogo, napima gramu 100, na kinachobaki Neema anakaangiwa.

Anza na vya majimaji peke yake: mayai, mafuta, maji, vyote viwe na joto la chumbani, piga hadi visitengane. Kisha mimina unga wote kwa mara moja, weka mashine ya umeme mbali, chukua mwiko. Koroga kwa kuchota kutoka chini na kukunja juu, mara arobaini au hamsini. Rojo itakuwa na vidonge vidogo vidogo vya unga na mkono utakuwasha kuendelea. Usiendelee. Unga wa ngano ukikutana na maji hujenga utando unaovutika uitwao glutini, na kila unavyokoroga ndivyo unavyokaza. Mkate wa hamira unautaka utando huo, huu hauutaki. Niliwahi kuipiga rojo kwa mashine dakika tatu ili ilainike kama losheni, nikapata mafini, vile vikeki vidogo vya kuokwa kwenye trei yenye mashimo, zenye vichwa vilivyochongoka na ndani yake mahandaki marefu, kana kwamba mchwa wamepita, na kuzitafuna ilikuwa kazi. Vidonge vile huyeyuka vyenyewe ndani ya oveni.

Sasa boga. Hapa ndipo mama mkwe wangu, ambaye haamini kitu chochote kilichotoka kwenye boksi, alinitega. Alikula kipande, akatafuna, akasema, "Mwanangu, ni mtamu. Boga lilipita saa ngapi?" Kwa hiyo wiki iliyofuata nikatia kikombe kizima cha boga lililopondwa juu ya maji yote yaliyoandikwa. Mkate ukavimba vizuri, ukapoa, ukazama katikati, na nilipoukata kulikuwa na mstari wa kitope chini, kama matofali mabichi. Kosa lilikuwa la hesabu tu: boga lililopondwa ni maji kwa kama asilimia 90, nami nilikuwa nimeyaongeza maji karibu maradufu.

Dawa ni kubadilisha, si kuongeza. Punguza nusu kikombe cha maji, weka nusu kikombe cha boga lililopondwa na kijiko kimoja cha chakula cha maji, kwa kuwa nyuzinyuzi za boga hushikilia sehemu ya maji yake. Mkate utaomba dakika tano hadi kumi zaidi. Nusu kikombe yatosha. Nimejaribu robo tatu, nikarudi kwenye nusu.

Boga la kopo linafaa sana, bora liwe boga tupu. Kuna kopo jingine, karibu mapacha wa hilo, ambalo ni boga la kujazia pai, tayari lina sukari na viungo. Ukilitumia humu utapata kitu kitamu hadi meno yaume. Soma orodha: pawe na neno moja tu.

Ukiwa na boga zima, usilichemshe, litanywa maji. Lipasue, toa mbegu, laza nusu zake kifudifudi kwenye trei, oka kwa nyuzi 200 za Selsiasi kama dakika 45 au saa nzima, hadi kisu kiingie bila kulazimishwa. Komba nyama, saga, kisha ining'inize kwenye kitambaa safi kwa saa moja idondoke. Utashangaa maji yatakayotoka. Iko tayari ukisimamisha kijiko ndani yake na kijiko kikasimama. Mbegu zioshe na kuzikausha, utazinyunyiza juu ya mkate kabla haujaingia motoni.

Oveni iwashwe kabla hujavunja yai la kwanza. Taa ikizimika ikadai imefika, ipe dakika kumi nyingine. Hewa ndiyo iliyopata moto, kuta bado. Kama unaweza kununua kitu kimoja tu kwa ajili ya kuoka, nunua kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani ya oveni. Changu kilinionyesha kwamba 180 ya oveni yangu ni 160 halisi. Miaka yote nilikuwa nikililaumu boksi.

Bati la kawaida la mkate ni la sentimita 23 kwa 13. Likiwa dogo zaidi, la 20 kwa 10, usilijaze kupita theluthi mbili. Rojo inayobaki ioke kama mafini mbili tatu. Bati jeusi hunywa moto kuliko linalong'aa, hivyo shusha nyuzi 10 au 15, la sivyo kingo zitaungua kabla kati hakujaiva. Paka mafuta, tandika ukanda wa karatasi ya kuokea unaoning'inia pande mbili uwe mshikio wa kuutolea. Weka rafu ya katikati. Mkate huchukua kati ya dakika 55 na 70. Kabla ya dakika 40 usifungue mlango hata kidogo. Mkate unakuwa umepanda kwa hewa tu, haujashikana, na ubaridi ukiingia unakaa chini. Ukiona juu panakuwa kahawia mapema, baada ya hapo funika kwa karatasi ya foili, usiibane.

Ufa wa katikati si dosari. Ganda la juu hukauka mapema, na rojo ya ndani inayoendelea kupanda hutafuta pa kutokea. Ukitaka ufa ulionyooka, chovya kisu kwenye mafuta, chora mstari juu ya rojo kabla ya kuoka.

Kuiva unakupima kwa kijiti cha meno, ukichome kwenye ufa, palipo nene zaidi. Kikitoka na rojo, bado. Kikitoka na makombo mawili matatu yenye unyevu, toa sasa hivi. Kikitoka kikavu kabisa, umechelewa kidogo, ingawa kwa sababu ya boga watu hawatajua. Mwenye kipimajoto cha nyama akichome katikati: nyuzi 93 hadi 96 ni mkate ulioiva.

Mafini ni rojo ileile, ila tabia nyingine. Boksi moja hutoa 12 kwenye trei ya kawaida. Jaza kila shimo kwa robo tatu, kwa kijiko cha kuchotea aiskrimu, ili zilingane na ziive pamoja. Kinachozipa vichwa vya mviringo ni moto mkali mwanzoni: ingiza kwenye nyuzi 220, subiri dakika tano, kisha bila kufungua mlango shusha hadi 180 na ziendelee dakika 12 hadi 15. Ule moto wa kwanza huziinua upesi kabla ngozi ya juu haijakauka. Mara ya kwanza nilisahau kushusha, kwa hiyo sasa natega saa mbili, ya simu na ya jikoni. Neema hupenda za juu zenye makombo: vijiko vitatu vya unga, vitatu vya sukari ya kahawia, viwili vya siagi baridi, unasugua kwa vidole hadi ziwe punje, unanyunyiza kabla ya kuoka. Zabibu kavu na karanga hutosha nusu kikombe. Zikizidi mkate unavunjika ukikatwa.

Anayeishi nyanda za juu aangalie ubavu wa boksi. Mengi yana maelekezo yake kwa walio juu ya futi 3,500, yaani kama mita 1,070, kwa kuwa hewa ikiwa nyepesi gesi hutanuka zaidi na mkate hupanda haraka kisha ukaanguka. Kwa kawaida wanaongeza unga kidogo na maji kidogo. Wafuate, usibuni.

Ukitoka, mkate ukae ndani ya bati dakika kumi, si zaidi, kisha uvute kwa ile karatasi na uuweke kwenye wavu upate hewa chini. Ukiuacha ndani ya bati, mvuke wake unageuka maji na tako linalowa. Mafini zitoe baada ya dakika tano. Kukata mkate ukiwa moto ni kuusagasaga. Najua harufu inavyokuita, subiri walau saa moja. Tena siku ya pili ndiyo mtamu zaidi. Viungo vinakuwa vimetulia na unyevu umesambaa hadi kwenye ganda. Ninaouoka Jumamosi jioni huliwa Jumapili, na nimejifunza kuufunga na kuuweka juu ya kabati ambako mkono wa mtoto haufiki.

Ndani ya chombo kilichofungwa hukaa siku tatu bila friji. Mafini hutoa jasho na vichwa vyake kunata, hivyo tandika karatasi ya kufutia chini na nyingine juu yake. Kwa akiba ya muda mrefu, kata vipande, vitenganishe kwa karatasi ya kuokea, tia kwenye mfuko na uutoe hewa, ugandishe. Miezi mitatu havina tatizo. Navitoa kimoja kimoja asubuhi, moja kwa moja hadi kwenye toasta vikiwa bado vimeganda, na siagi juu yake mara tu kingo zinapokauka.