CPA Unayo: Je, Uongeze ACCA, CIA au CISA?

Una CPA, cheti cha uhasibu cha nchi yako, na unafikiria kuongeza kingine? Anza na sheria. Tanzania, anayesaini ripoti ya ukaguzi wa hesabu lazima awe amesajiliwa na NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu. Kenya, awe mwanachama wa ICPAK, taasisi ya wahasibu ya huko, mwenye leseni ya kutoa huduma hiyo. ACCA, cheti cha uhasibu cha Uingereza, peke yake haikupi haki hiyo. Kwa anayetaka kufungua ofisi yake ya ukaguzi Dar es Salaam au Nairobi, CPA ya nchi hiyo ndiyo ya kwanza.

Cheti cha pili kakitafute kwenye matangazo ya kazi. Kusanya 20 ya nafasi unayoilenga miaka mitatu ijayo, uandike kila tangazo limetaka nini. Palipoandikwa "CPA au ACCA", mwajiri anavihesabu sawa, kimoja kinamtosha. ACCA ina masomo 13. Hata ukisamehewa ya chini, kila msamaha hulipiwa, na manne ya juu kwa kawaida utayafanya mwenyewe. Kwa anayehamia Uingereza au Ghuba, gharama hiyo ina maana. Kwa anayebaki nyumbani, mara nyingi ni kusoma upya yale yale.

CIA na CISA ni habari nyingine, maana zinapima kazi tofauti: CIA ni cheti cha ukaguzi wa ndani, na CISA cha ukaguzi wa mifumo ya kompyuta. CIA ina sehemu tatu. CISA ni mtihani mmoja, maswali 150 kwa saa nne, ila kufaulu hakukupi cheti. Inadai uzoefu wa miaka mitano katika ukaguzi, udhibiti au usalama wa mifumo (elimu hupunguza sehemu yake), na maombi yafike ndani ya miaka mitano tangu ufaulu. Watu hukwama hapa: wamefaulu, lakini kazini hawagusi mifumo. Omba kwanza kuhamishiwa kwenye kazi hizo, ndipo ulipie mtihani.

Kisha piga hesabu ya miaka mitano: usajili, vitabu, mitihani, angalau rudio moja, na ada ya kila mwaka, ambayo watu wengi huisahau. Ada hizi ni za pauni na dola; mshahara wako ni wa shilingi. Ongeza muda wa mafunzo endelevu: ACCA uniti 40 kwa mwaka, CISA saa 120 kwa miaka mitatu na zisipungue 20 mwaka wowote. Semina moja inaweza kuhesabiwa na bodi mbili ikiwa mada inazihusu zote, kwa hiyo tunza vyeti vya mahudhurio. Mwajiri akiahidi kukulipia, pata kwa maandishi kama ahadi hiyo inagusa ada za kila mwaka au mtihani tu.