Gego limebaki kisiki? Soma hii kabla hujaling'oa ndio ufikirie implanti

Huku Lamu jino likishavunjika mpaka kwenye ufizi wengi wetu tunafanya jambo moja tu, tunang'oa na kusahau, halafu miaka imepita ndio mtu anaanza kuuliza habari za implanti, yaani jino la bandia la kutiwa kwa skrubu. Kabla hujalala kwenye kile kiti uliza kwanza, daktari hili haliokoleki kwa kusafishwa mzizi na kuvishwa kofia, yaani jino la bandia la kufunika juu? Manake jino lako mwenyewe lenye mzizi mzima ni bora kuliko la kununua. Ikiwa mzizi umepasuka basi tena, ling'olewe, lakini mwambie mapema kua unataka implanti ili alitoe taratibu asivunje mfupa wa pembeni.

Mfupa ndio mambo yote. Jino likitoka ule mfupa uliokua umelishika unaanza kupungua, na hupungua sana ule mwaka wa kwanza, ndio mana ukichelewa unaambiwa uongezewe mfupa kwanza, pesa juu ya pesa.

Implanti yenyewe ni skrubu ndogo ya titani inayotiwa ndani ya taya, mfupa unaikamata, halafu juu yake ndio lavishwa jino, nalo pia twaliita kofia. Mswidi Per-Ingvar Brånemark ndie aliyewatilia watu hizi kuanzia 1965, kwahivyo si mambo ya jana. Siku yenyewe unapigwa ganzi, uchungu husikii, ni mtikisiko tu kama fundi anatoboa ukuta wa jirani. Kisha unasubiri, taya la chini kama miezi 3, la juu yaweza kufika 6. Wapo wanaowekewa jino siku hiohio lakini gego la kutafunia mimi ningesubiri.

Sasa sisi wa Lamu tupige hesabu ya safari pia, boti mpaka Mokowe, basi mpaka Malindi au Mombasa, na si mara moja, kuna ya skani, ya skrubu, ya kutoa nyuzi, ya kupima kofia na ya kuivaa. Ulizia bei ya vyote kwa pamoja, usikubali kutajiwa ya skrubu peke yake. Tazama jina la daktari kwenye rejista ya KMPDC, lile baraza la madaktari na madaktari wa meno Kenya, iko kwenye mtandao. Na udai kadi yenye jina na saizi ya implanti, hii watu hawaijui, siku skrubu ikilegea daktari mwengine asiejua ni ya kampuni gani atakosa hata bisibisi ya kuifungulia.

Usifiche kitu. Sukari ikiwa juu kidonda hakiponi vizuri, sigara nayo hufanya implanti kukataa, na kama unameza dawa za kuimarisha mifupa au za kuyayusha damu sema, lakini usiziache mwenyewe. Mwezi wa Ramadhani afadhali uupishe, kuna vidonge na kusukutua.

Siku za mwanzo kula uji na vitu laini, mkate wa mofa uwache, miraa na tambuu pia, usiteme mate kwa nguvu. Baadae piga mswaki mpaka kwenye ufizi na upitishe uzi pembeni, skrubu haiozi lakini ufizi unaumwa na mfupa unaliwa kimyakimya, ukiona damu au usaha nenda. Na kofia ikitoka usiibandike na supaglu tafadhali, itie kwenye kikopo safi uende nayo kwa daktari.