Somo: GPS inazima katikati ya ziwa? Pima waya kabla hujaenda kwa fundi

Wakuu habari zenu. Hili somo ni kwa wenye boti za tanga huku kwetu Ziwa Victoria, uwe unatokea Kirumba, Igombe au upo Ukerewe, maana mvua zikianza tu kilio ni kilekile, GPS inajizima, mashine ya kupima kina cha maji inaleta mistari, redio inakoroma, mtu anang'oa kifaa anakipeleka kwa fundi simu kinafunguliwa kinafia hukohuko, kumbe kilikuwa kizima na ugonjwa uko kwenye waya. Na Ghuba ya Mwanza mnaijua ilivyo na mawe, mengine yako chini kidogo tu ya maji, ukiingia usiku huna kina huna GPS unacheza na roho za watu.

Uwe na maltimita (hata ya bei rahisi inatosha), msasa laini, fyuzi za akiba na kipande cha waya mrefu wa kutoka kwenye betri mpaka kwenye usukani.

HATUA YA 1: Betri
Iache ipumzike masaa kadhaa bila sola wala injini kuichaji ndo upime. Betri ya asidi ya 12V iliyojaa inasoma kama 12.6 au 12.7, ikisoma 12.2 ujue imebaki nusu, ikisoma 12.0 usitoke nayo. Alafu washa kila kitu, taa za mlingoti, redio, GPS, pampu ya ngama (pale chini kabisa ya boti maji yanapokusanyika), pima tena. Ikiporomoka fasta betri imechoka hata kama kontrola ya sola inasema imejaa.

HATUA YA 2: Plagi ya kifaa, kifaa kikiwa KIMEWASHWA
Hapa ndo penyewe, naomba msome taratibu. Watu wengi wanachomoa plagi, wanapima, wanaona 12.6, wanasema umeme unafika kwahiyo kifaa kibovu. Sio kweli. Maltimita haivuti umeme wa maana, kwahiyo hata waya uliobakiwa na uzi mmoja utakuonyesha 12.6 safi kabisa, ila GPS ikianza kuvuta ampea zake voti zinashuka mpaka 10 na inajizima. Lazima upime mzigo ukiwepo.

Ukikuta plagi ina voti chache kuliko betri, tafuta zimepotelea upande gani. Kifaa kikiwa bado kimewaka, ncha moja ya maltimita weka kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye chanya ya pale kwenye plagi (hapa ndo unatumia ule waya mrefu). Namba utakayoiona ndo voti zinazoliwa njiani. Rudia upande wa hasi. Jumla ya pande zote mbili isizidi kama 0.3 au 0.4 kwa vifaa vya kuongozea chombo. Ukishajua ni chanya au hasi, sogeza ncha kiungo kwa kiungo, swichi, nyumba ya fyuzi, maungio, utaona namba inaruka ghafla, na pale inaporuka ndo penye ugonjwa.

Kama hairuki popote ila inapanda kidogokidogo, basi waya ni mwembamba. Waya wa 1.5mm² ukienda meta 6 na kurudi meta 6, kifaa cha ampea 2 kinapoteza karibu 0.28V, hapo sawa, ila ukifunga otopailoti (mashine ya kushika usukani yenyewe) inayovuta ampea 5 kwenye waya huohuo unapoteza karibu 0.7V, lazima ikusumbue.

HATUA YA 3: Kutibu
Kuna imani kwamba maji ya ziwa hayana chumvi kwahiyo waya hauozi. Unaoza, taratibu kuliko wa Tanga au Dar, ila unyevu wa ndani ya boti unatosha kabisa. Kata mpaka uone shaba inang'aa. Kama ni nyeusi mpaka ndani tupa waya wote, weka uliopakwa bati ukiupata. Usisokote na kufunga tepu nyeusi, bana kwa kiungo cha kubana, vesha mpira wa kusinyaa kwa moto, na waya upinde kwenda chini kabla haujaingia kwenye kifaa ili maji yadondokee pale kwenye kona. Maungio yakae juu, mbali na ngama.

Na ile karatasi ya sigara ya kung'aa mnayoweka kwenye nyumba ya fyuzi badala ya fyuzi acheni jamani. Waya ukipiga shoti hakuna cha kuukata, boti inaungua mpo ndani.

HATUA YA 4: Mtandao wa data
Kama vifaa vyote vinawaka ila havisomani na mfumo ni NMEA 2000 (mtandao wa waya mmoja mkuu unaounganisha vifaa vya boti), zima umeme kisha pima ukinzani kati ya waya mbili za data. Inatakiwa omu 60. Ukipata 120 terminata moja (kile kikinza cha omu 120 kinachofungwa kila mwisho wa waya mkuu) imekufa au haipo, ukipata 40 kuna mtu kaongeza ya tatu. Kwa NMEA 0183 (mfumo wa zamani zaidi) angalia spidi ya kutuma data, ya kawaida ni 4800 na ya AIS (kifaa cha vyombo kutambuana) ni 38400, zikitofautiana hamtasikilizana.

MASWALI

Mdau wa Nansio: Mkuu mimi GPS inazima nikipiga stata tu, ikishawaka injini inarudi.
Jibu: Stata inavuta umeme mwingi sana, voti zinadondoka sekunde hiyo. Kwanza safisha vichwa vya betri na kaza, ikiendelea tenga betri ya stata na ya vifaa.

Mdau wa Igombe: Redio inakoroma usiku tu, mchana safi.
Jibu: Zima taa za LED moja moja huku unasikiliza, hasa ya juu ya mlingoti maana iko jirani na antena. Ikinyamaza umemkamata. Mchana ingekoroma ningesema sola kontrola.

Mdau wa Kirumba: Mashine ya kina niliyonunua Dar inasoma tofauti na kamba ya kupimia kina.
Jibu: Ingia kwenye setingi uweke maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Sauti inaenda taratibu kidogo kuliko kwenye maji ya chumvi, kwahiyo ukiiacha ya bahari inakwambia kina ni kirefu kuliko kilivyo, na huo ndo upande mbaya wa kukosea.

Mdau wa Nansio: Nimesafisha vichwa, nimepima kama ulivyosema. Betri 12.5, plagi 11.1. Chanya inapoteza 0.1, hasi 1.3.
Jibu: Safi sana kaka, chanya iache. Fuata hasi, anzia pale hasi zote zinapokutana, fungua skrubu, piga msasa, kaza, pima tena ukiwa umewasha. Tuletee namba.