Jinsi ya Kucheza Zork I kwa Karatasi na Penseli: Hatua kwa Hatua

Zork I ni mchezo wa jasura usio na picha hata moja. Kompyuta inakueleza kwa maandishi mahali uliposimama na vitu vilivyo mbele yako, nawe unaandika unachotaka kufanya, kisha inakujibu. Ulibuniwa na vijana wanne wa chuo cha MIT nchini Marekani, Tim Anderson, Marc Blank, Bruce Daniels na Dave Lebling, walioanza kuuandika mwaka 1977 kwenye kompyuta kubwa ya PDP-10, baada ya kuvutiwa na mchezo wa mapangoni ambao Will Crowther alikuwa ameuanzisha na Don Woods akaupanua. Kampuni ya Infocom, iliyoundwa mwaka 1979, iliugawa mchezo huo sehemu tatu ili uweze kuenea katika kompyuta ndogo za nyumbani, na sehemu ya kwanza ndiyo ninayoieleza hapa.

Nimewakalisha watu wengi mbele ya mchezo huu, na karibu wote walioshindwa walishindwa kwa jambo moja: hawakuchora ramani. Walidhani wataikumbuka njia kichwani. Kwa hiyo, kabla ya kuwasha kompyuta, tafuta karatasi mbili kubwa, penseli na kifutio.

Hatua ya 1: Pata faili la mchezo na programu ya kulisoma

Infocom haikuandika Zork upya kwa kila aina ya kompyuta. Ilibuni kompyuta ya kufikirika iitwayo Z-machine, ikaandika mchezo kwa ajili ya kompyuta hiyo, kisha ikatengeneza programu-fasiri ndogo, yaani programu ya kulisoma faili la mchezo na kuliendesha, kwa kila mashine halisi iliyokuwa sokoni: Apple II, TRS-80, Atari, Commodore 64, IBM PC na nyinginezo. Ufundi huo ndio unaotuwezesha leo kulifungua faili lile lile bila kulibadilisha. Aidha, mnamo Novemba 2025 Microsoft, ambayo sasa ndiyo mmiliki wa haki za mchezo huu, ilitangaza kwamba msimbo chanzo (maandishi ya programu yenyewe) wa Zork I, II na III unapatikana chini ya leseni huria ya MIT.

Programu-fasiri ninayoipendekeza ni Frotz. Katika Debian au Ubuntu, andika sudo apt install frotz, kisha nenda kwenye folda yenye faili na uandike frotz zork1.z3. Wenye Windows watumie Windows Frotz.

Anayetaka kuuona mchezo kama ulivyoonekana sebuleni miaka ya themanini anaweza kutumia VICE, programu inayoiga Commodore 64. Ukifanya hivyo usiondoe ucheleweshaji wa diski. Kompyuta ile ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 64, ilhali faili la mchezo lina zaidi ya kilobaiti 80, hivyo sehemu kubwa ya maandishi ilibaki kwenye diski na kusomwa kidogo kidogo kila yalipohitajika. Ule ukimya wa sekunde chache kabla ya chumba kipya kuelezwa ulikuwa sehemu ya mchezo, na binafsi naona uliongeza hamu.

Hatua ya 2: Andaa kikao chako

Mchezo ukifunguka, tazama namba ya mfululizo iliyo juu. Toleo linalofahamika sana ni la 88, lenye namba 840726, yaani tarehe 26 Julai 1984. Lako likiwa jingine si neno. Andika $VERIFY ili mchezo ujikague wenyewe kama faili ni zima. Kisha andika VERBOSE, ili kila ukirudi chumbani upewe maelezo kamili badala ya jina tu. Na SCRIPT, ili mazungumzo yote yahifadhiwe katika faili la maandishi. Ukikosea ramani, faili hilo ndilo litakalokuonyesha ulipokosea.

Hatua ya 3: Jifunze kuzungumza na mchezo

Mchezo unaelewa Kiingereza peke yake, lakini hauhitaji kingi. Kutembea ni N, S, E, W, pamoja na NE, NW, SE, SW, U kwa kupanda na D kwa kushuka. L hukuelezea mahali ulipo, na I hukuorodheshea ulivyobeba. Vitenzi vya kila siku ni TAKE, DROP, OPEN, READ, MOVE na PUT. Sentensi ndefu pia zinakubalika, kwa mfano PUT SWORD AND LAMP IN CASE.

Jambo moja huwashangaza wengi: mchezo husoma herufi sita tu za mwanzo za kila neno, kwa hiyo LANTER na LANTERN kwake ni neno moja. Ili kubana nafasi, herufi tatu zilipakiwa ndani ya baiti mbili, na kila neno la kamusi likapewa baiti nne. Ukijua hivyo, hutahangaika na tahajia ya maneno marefu.

Hatua ya 4: Anza ramani ya juu ya ardhi

Unaanzia magharibi mwa nyumba nyeupe, mbele ya sanduku dogo la barua. Lifungue, usome kipeperushi kilichomo na ukichukue. Kisha chora kisanduku katikati ya karatasi ya kwanza na uandike ndani yake jina la mahali hapo.

Sasa nenda N. Umefika kaskazini mwa nyumba. Mtu asiye mwangalifu huchora mstari ulionyooka kati ya visanduku viwili na kuendelea, akiamini kwamba S itamrudisha. Jaribu S uone: utaambiwa kwamba madirisha yote yamezibwa kwa mbao, nawe hutaondoka hapo. Kurudi ulikotoka ni kwa W au SW, kwa sababu njia inazunguka kona ya nyumba. Hili ndilo somo kubwa la kuchora ramani za michezo ya aina hii. Usiandike kamwe njia ya kurudi kabla hujaipita mwenyewe, na kwenye kila ncha ya mstari andika herufi ya upande uliotokea. Mimi huchora mshale ninapokwenda, kisha huongeza mshale wa pili pale tu ninaporudi.

Tembea pia kidogo kwenye msitu wa kaskazini. Utafika mahali peupe penye rundo la majani makavu. Paweke kwenye ramani, uandike "majani", na uache nafasi pembeni yake.

Hatua ya 5: Ingia ndani

Nyuma ya nyumba, upande wa mashariki, kuna dirisha lililoachwa wazi kidogo. Lifungue uingie jikoni, ambako utakuta chupa ya maji na mfuko wa kahawia wenye chakula. Magharibi mwa jiko ni sebule yenye kabati la kuwekea hazina, upanga na taa ya shaba inayotumia betri. Chukua taa na upanga, sogeza zulia, na utaona mlango wa sakafuni. Ufungue.

Hatua ya 6: Shuka chini

Kabla ya kushuka, andika SAVE. Washa taa kwa TURN ON LAMP, maana gizani kuna viumbe waitwao grue, na anayetembea bila mwanga huliwa. Betri ina mwisho, hivyo izime kila unapokuwa penye mwanga.

Ukishafika chini, mlango utafungwa kwa juu. Usihofu. Ukienda S, kisha E, utapata chumba chenye mchoro wa thamani, na kaskazini mwake kuna chumba chenye dohani inayopanda hadi jikoni. Dohani hiyo inamruhusu mtu aliyebeba taa na kitu kimoja zaidi, basi.

Ukienda N badala ya S, utakutana na jitu lenye shoka linaloziba njia zote. Hifadhi mchezo tena, kisha andika KILL TROLL WITH SWORD mpaka mmoja wenu aanguke. Pigano lina bahati ndani yake, kwa hiyo kurudia kwa RESTORE si aibu.

Hatua ya 7: Ramani ya njia zinazopotosha

Magharibi mwa chumba cha jitu kuna vyumba vingi vilivyoelezwa kwa maneno yale yale, neno kwa neno. Ili kuvitofautisha, dondosha kitu kimoja katika kila chumba: kipeperushi hapa, chupa kule, mfuko pengine. Kwenye karatasi ya pili, kiite kila chumba kwa jina la kitu hicho, kisha jaribu pande zote kumi, mmoja baada ya mwingine. Njia nyingine ni za kwenda tu, na nyingine hukurejesha pale pale. Zaidi ya hayo, kuna mwizi anayezurura humo na kuokota vilivyodondoshwa, hivyo iamini karatasi yako kuliko unachokiona sakafuni.

Katika chumba kimoja utakuta mifupa ya mtu aliyekutangulia, mfuko wa sarafu na ufunguo. Mifupa usiiguse. Chukua sarafu na ufunguo, uendelee kuchora hadi ufike kwenye chumba chenye wavu wa chuma juu ya kichwa chako, uliofungwa kwa kufuli. Andika UNLOCK GRATING WITH KEY, kisha OPEN GRATING. Majani makavu yatakuangukia. Panda kwa U, kisha chukua ile karatasi ya kwanza, tafuta kisanduku ulichokiandika "majani", na uunganishe karatasi zako mbili kwa mstari mmoja.