Kidoti cha kijani: jinsi ya kudai ubadilishiwe laptopu mpya yenye pikseli mbovu, hapa Uganda

Laptopu niliinunua Kampala, kwenye mojawapo ya zile plaza ambazo unaingia mlango huu na kutokea mtaa mwingine, kwa shilingi 1,950,000. Niliijaribu kama wengi tunavyojaribu: ikawaka, kibodi ikaandika jina langu, nikalipa. Usiku huohuo nikapanda basi la kurudi kwetu Arua nikiwa nimeipakata kama mtoto mchanga.

Kazi yangu ni kutengeneza kadi za harusi na mabango. Siku ya pili nimefungua picha ya bibi harusi, naona ana kidoti cha kijani shavuni. Nikakifuta kwenye picha. Hakifutiki. Nikaikuza picha, kidoti kikahamia puani. Nikaisogeza, sasa kiko kwenye shela. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba bibi harusi hana kosa: mbovu ni pikseli, moja ya zile nukta ndogo zinazounda picha kwenye kioo cha laptopu.

Kukiondoa kidoti hicho kulinichukua wiki sita na safari mbili za Kampala, na kila safari ni karibu kilomita 500 kwenda tu. Fuata haya, huenda safari yako ikawa moja.

Hakikisha kweli ni pikseli

Futa kioo kwanza kwa kitambaa laini kikavu, maana vumbi la huku linajua kujifanya pikseli. Kisha fungua Paint, ile programu ya kuchora ya Windows, tengeneza picha tano za rangi tupu: nyeusi, nyeupe, nyekundu, kijani na bluu. Zifungue moja moja zijae kioo kizima, zima taa ya chumba, sogeza uso karibu. Kidoti kinachowaka rangi juu ya nyeusi ni pikseli iliyokwama. Kinachobaki cheusi juu ya kila rangi kimekufa.

Kioo cha kawaida cha 1920 kwa 1080 kina pikseli 2,073,600, na kila pikseli ina vyumba vitatu: chekundu, cha kijani na cha bluu. Ni vyumba zaidi ya milioni sita, kila kimoja na transista yake, yaani swichi ndogo ya umeme. Transista moja ikigoma kufunga mlango, mwanga wa nyuma unapita muda wote, nawe unaona kijani mchana na usiku. Mimi nilikuwa na kimoja cha kijani karibu na katikati, na jaribio la nyeupe likanionyesha kingine cheusi chini kulia, juu ya saa, ambacho nilikuwa nadhani ni uchafu.

Sasa piga picha kwa simu: moja ya karibu, na moja ya mbali inayoonyesha kioo kizima na ncha ya kalamu karibu na kidoti, bila kugusa kioo. Kilichokwama kipigie picha juu ya nyeusi. Juu ya nyeupe simu nyingi zinaleta mawimbi na kidoti kinapotea humo.

Usitume skrinishoti. Najua unajua. Mimi pia nilijua, lakini kijana wa huduma kwa wateja aliniandikia kwamba bila skrinishoti hawezi kufungua kesi, nami nikatii kama mwanafunzi. Skrinishoti inachukua kile ambacho kompyuta inakituma kwenye kioo, haichukui kile ambacho kioo kinaonyesha. Nikatuma picha safi kabisa ya ukurasa mweusi. Baada ya siku tatu akajibu kwamba wameichunguza na hawaoni tatizo lolote. Kwa kweli hata mimi sikuliona.

Unaweza kujaribu kukitibu, lakini vidole mbali

Kuna programu na tovuti zinazochezesha rangi kwa kasi juu ya sehemu unayochagua. Iache ifanye kazi dakika 20 au 30, rudia mara mbili tatu. Mwenye kifafa asikae mbele yake. Pikseli iliyokwama mara nyingine inaamka, iliyokufa ni nadra sana. Yangu niliiacha usiku mzima, asubuhi ikanisalimia kwa kijani kilekile.

Utashauriwa ubonyeze kidoti kwa kifuniko cha kalamu kilichofungwa kitambaa. Kila mtaa una mtu ambaye binamu yake alifanya hivyo ikapona. Ukiwa bado na waranti, usithubutu. Kubonyeza kunaweza kuacha doa au kuua pikseli za jirani, na fundi akiona alama ya shinikizo ataandika neno moja kwenye fomu yako, kwamba umeigonga, na kesi imekwisha.

Hesabu kabla hawajakuhesabia

Hapa wengi hushangaa. Watengenezaji hawaahidi kioo kisicho na doa. Kulikuwa na kiwango cha kimataifa cha mwaka 2001, ISO 13406-2, ambacho nafasi yake ilichukuliwa na mfululizo wa ISO 9241 mwaka 2008. Kile cha zamani kiligawa vioo katika madaraja, na daraja la pili, ambalo kampuni nyingi zililifuata, liliruhusu kwa kila pikseli milioni moja: mbili zinazowaka daima, mbili zilizokufa kabisa, na vyumba vitano vya rangi vyenye hitilafu. Kioo chako kina milioni mbili. Zidisha mwenyewe. Kwa hesabu hiyo unaweza kuwa na vidoti kumi vya rangi na bado ukaambiwa laptopu yako ni nzima.

Kampuni nyingi zina mipaka yao wenyewe siku hizi, na nyingine ni kali kuliko hiyo, hasa kwa vidoti vinavyowaka na kwa modeli za bei ya juu. Kwa hiyo kabla ya kupiga simu, tafuta kwenye tovuti ya mtengenezaji sera ya pikseli ya modeli yako na uihifadhi. Halafu usiseme “kioo kina shida.” Sema: kimoja cha kijani kinachowaka, kiko karibu na katikati, na kimoja kilichokufa chini kulia. Kama viwili vimekaa bega kwa bega, vitaje hivyo kwanza, maana vilivyoshikamana huhesabiwa vibaya zaidi kuliko vilivyotawanyika.

Risiti, na hapa ndipo nilipoumia

Nilifika kituo cha huduma Kampala saa mbili asubuhi, macho mekundu ya basi la usiku. Namba yangu ya foleni ilikuwa 14, wanaohudumia walikuwa wawili, mmoja wao akinywa chai. Saa tano nikaitwa. Dada akageuza laptopu, akasoma ile namba ndefu iliyobandikwa chini, akaiingiza kwenye mfumo.

“Waranti ilianza Agosti,” akasema.

“Nimenunua Machi.”

“Mfumo unasema Agosti. Tena mashine hii iliuzwa Dubai. Una risiti?”

Ninayo, bila shaka. Nikamkabidhi kwa fahari. Ilikuwa ile ya kitabu cha kaboni, imeandikwa kwa mkono “1 laptop new” na kiasi, na chini yake yale maneno kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Haina modeli, haina namba ya mashine. Akaitazama, akanitazama, akanirudishia. Hakusema kitu, na hakukuwa na haja.

Kilichotokea ni hiki. Mfumo wa mtengenezaji mara nyingi huanza kuhesabu waranti siku mashine ilipotoka kwao au kwa msambazaji, si siku uliyolipa. Yangu ilikuwa imelala kwenye maboksi miezi saba. Tarehe hiyo inaweza kurekebishwa, lakini kwa uthibitisho wa ununuzi unaoonyesha namba ya mashine. Na kama ilipelekwa kuuzwa nchi nyingine, uliza kama waranti yake inavuka mipaka. Nyingine zinavuka, nyingine zinaishia huko huko.

Basi, risiti unayoitaka ni ya EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa URA (mamlaka ya mapato ya Uganda) ulioanza Januari 2021: ina namba ya hati ya kodi na ile alama ya mraba ya kuskani, na unaweza kuihakiki mwenyewe kwenye tovuti ya URA. Kaboni yeyote anaweza kuandika, hata wewe, ndiyo maana haiaminiki. Namba ya mashine isipochapishwa kwenye risiti, waiandike kwa kalamu pamoja na modeli, wasaini na kupiga muhuri wa duka. Ilinganishe na ya chini ya laptopu tarakimu kwa tarakimu, kisha na ya kwenye boksi, maana maboksi hubadilishana.

Utaambiwa mambo mawili. La kwanza, kwamba EFRIS iko chini leo. Subiri, kunywa soda, itapanda. La pili, kwamba ukitaka risiti hiyo bei inaongezeka VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18. Bei uliyotajiwa na duka lililosajiliwa kwa VAT ilipaswa kuwa na VAT ndani yake, na anayekupa bei mbili anakueleza mengi kuhusu jinsi atakavyokupokea ukirudi na malalamiko.

Mimi nilirudi dukani kuomba risiti mpya. Nilipoanza kwa Kiswahili, ambacho huku wengi hukihusisha na jeshi, muuzaji alinitazama kana kwamba mimi ni mwanajeshi aliyekuja kukagua, akawa mpole kidogo. Lakini mtu wa mahesabu hakuwepo. Kesho yake pia hakuwepo. Nikarudi Arua mikono mitupu, na risiti ikanifuata kwa basi baada ya siku tisa ndani ya bahasha ya vifurushi, namba ya mashine ikiwa imekosewa tarakimu moja. Ikarudi Kampala, ikaja tena. Mwezi ukawa umekatika.

Kituoni

Hapa ni haraka. Nakili kazi zako zote kabla, beba chaja, na usiache laptopu bila karatasi ya mapokezi inayotaja namba ya mashine, idadi ya vidoti na kwamba kioo hakina mkwaruzo. Waandike hilo la mkwaruzo ukiwa umesimama pale. “Vipuri viko njiani” si tarehe. Omba tarehe, na jina la aliyekupa.

Wakikuambia vidoti viko ndani ya mipaka

Waliniambia hivyo, kwa barua pepe ya mistari miwili. Vidoti viwili, mipaka haijavukwa, asante kwa kutuchagua. Wengi huishia hapo. Lakini waranti ni ahadi ya mtengenezaji, na hukununua kwa mtengenezaji. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017, aliyekuuzia ana wajibu wake mwenyewe kuhusu ubora wa alichokuuzia, na yale maneno ya chini ya risiti hayamfanyi awe juu ya sheria.

Kuna utaratibu wa madai madogo katika mahakama za mahakimu, chini ya kanuni za mwaka 2011, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 10. Unajisemea mwenyewe, mawakili hawaruhusiwi. Unaanza kwa kumpelekea mdaiwa notisi ya madai na kumpa siku 14. Notisi hiyo ndiyo iliyonifaa kuliko simu zote nilizopiga. Iandike fupi: tarehe ya ununuzi, namba ya mashine, namba ya risiti, ulichokiona, ulipolalamika mara ya kwanza, unachotaka. Ambatanisha picha. Ipeleke kwa mkono na upate sahihi ya mpokeaji kwenye nakala yako. Yangu alinipelekea mpwa wangu anayesoma Kampala. Siku ya nne simu ikaita, ni muuzaji.

“Boss, mbona unatupeleka mbali? Hako kadoti ni kadogo sana.”

“Shavuni kwa bibi harusi si kadogo.”

Akacheka, akaniambia nije tubadilishe. Safari ya pili hiyo.

Dukani nilikwenda na flashi yenye zile picha tano. Laptopu ya kwanza waliyonifungulia, nikaweka nyeusi, nikaomba wazime taa ya juu ya kaunta. Kidoti chekundu, kona ya kushoto. Muuzaji akainama, akakiona, akanyamaza. Ya pili nikaipitisha rangi zote mara mbili, kisha nikazungusha kichwa kuitazama kwa pembeni. Safi. Risiti mpya ya EFRIS ikachapwa, nikasoma tarakimu kwa sauti naye akizifuata chini ya laptopu kwa kidole.

Nilipochomoa flashi, kijana aliyekuwa akisubiri nyuma yangu, boksi lake likiwa limeshafungwa na pesa ameshahesabu, akaninong'oneza kama naweza kumwazima dakika tano.